Kifuniko Kitupu

Garsen, 14 Januari 1957
Asubuhi ukungu mtoni mpaka saa mbili, kisha jua kali. Upepo hakuna.

Dada yangu Sabdio,

Nakusalimu kwa heri, wewe na shemeji Warsame. Mu hali gani hapo Kau? Kile kikohozi kimekuachia? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila vidole vimebabuka kwa kutwanga.

Ulitaka kujua kama Mama Barwako amenikubali kweli. Amenikubali, lakini si kwa ajili ya shule ya Mombasa. Nilimpa cheti changu akakinusa. Wallahi, alikinusa! Akasema, "Hiki kinanuka kabati." Kisha akaniuliza jambo moja: "Utaweza kukaa mwaka mzima bila kujipaka chochote kinachonukia, hata sabuni ya duka?" Nikasema nitaweza. Akasema, "Waliokutangulia walisema hivyo hivyo. Wa mwisho nilimkuta na marashi ya waridi nyuma ya masikio. Sasa ameolewa, ananuka anavyotaka."

Wewe umemsikia kwa sifa tu. Ni mama wa Kisomali, mrefu, macho yameanza ukungu, lakini pua yake inajua nani amepita njiani kabla hajabisha hodi. Yeye ndiye anayefukiza maharusi na wanawake waliojifungua, hapa na katika maboma ya ng'ombe ng'ambo ya mto. Hutia mafuta ya ufuta harufu ya rehani kwa mwenye kichwa kinachogonga, na ya asumini kwa asiyepata usingizi. Unajua nilitaka unesi. Baba alipofariki, unesi ukazikwa naye. Nikimtazama huyu mama akifanya kazi naona kuwa huu nao ni unesi, ila mlango wake ni pua.

Siku ya kwanza alinifunga kanga machoni akaniletea vitu kimoja kimoja. Ubani, nikautaja. Manemane, nikayataja. Udi, karafuu, gome la mdalasini, vyote nikavipata, nikaanza kujiona. Akaleta cha mwisho. Nikanusa, nikanusa tena. Nikasema, "Ubani, lakini hafifu, wa zamani." Akanifungua macho. Mkononi alikuwa na kifuniko cha chungu, kipya, kitupu, hakijawahi kuguswa na kitu. Hakucheka. Akasema, "Umenusa ulichotaka kunusa. Pua inayoona haya kusema 'hakuna kitu' itakuja kuua mtu."

Hata hivyo alinipa mkeka wa kulalia. Kazi yangu ni kuosha vyetezo na kuchambua ubani kutoka kwenye maganda na mchanga. Moto siruhusiwi kuugusa. "Kwanza pua, halafu mkono, halafu moto," ndivyo asemavyo, na moto wenyewe ni mwakani, Mungu akipenda.

Mdogo wako akupendaye,
Batula

Asubuhi yake: jana nililala saa nne usiku.


Kau, 2 Februari 1957

Mdogo wangu Batula,

Salamu za mapenzi zikufikie. Sisi hatujambo, kikohozi kimekwenda zake. Mama mkwe anakusalimu, Warsame pia, anauliza kama huyo mwalimu wako ananunua ubani kwa jumla.

Barua yako nilimsomea mama mkwe akacheka mpaka akashika mbavu. "Mtoto huyu anaandika mawingu kama karani wa serikali! Na hiyo saa ya kulala, anaiandika akikoroma?" Nikamwambia humalizia asubuhi, ndiyo tabia yake tangu shule, shajara yake yote iko hivyo. Akasema, "Basi mtu huyo hatapotea. Kila siku yake ina mlango wa kuingilia na wa kutokea."

Sasa nikuambie lililo moyoni. Nina mimba. Nahesabu kujifungua baada ya Idi. Warsame anatembea kama aliyeokota dhahabu, nami nacheka naye mchana, lakini nikiwa peke yangu naogopa. Unakumbuka mara ya kwanza. Mtoto tulimzika kabla hajapewa jina, nami nikabaki na ile baridi ya uzazi, mifupa inatetemeka ndani ya jua la adhuhuri, maziwa yameganda kifuani, miezi mingi siwezi kubeba hata ndoo. Wote walisema neno moja: hakufukizwa. Mama yetu hakuwepo tena, na yule bibi aliyekuwa akifukiza hapa Kau alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mpaka leo hakuna aliyeshika chetezo chake.

Batula, sitaki kupita njia ile tena. Wewe uko nyumbani kwa bingwa wa kazi hii. Je, utakuja? Kama huwezi, nifanyeje?

Dadako,
Sabdio


Garsen, 9 Machi 1957
Asubuhi mawingu mazito upande wa bahari, hayakunyesha. Joto.

Dada yangu mpenzi Sabdio,

Asalaam aleikum. Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Hongera, dada, na Mungu akufungue salama. U hali gani? Unakula? Miguu haijavimba?

Nilimwomba Mama Barwako ruhusa. Akakataa kunipa ruhusa ya kufukiza. Nikasema, "Basi njoo wewe mwenyewe." Akasema mgongo wake hauwezi tena mtumbwi wa siku nzima, achilia mbali siku mbili. Nikasema, "Basi nimwandikie namna ya kufanya, nimtumie na dawa." Hapo aliweka mchi chini. "Batula, kazi hii haipandi mtumbwi peke yake. Moshi hautumwi. Anayefukizwa ni mmoja, anayefukiza ni mwingine, akiwa mmoja tu hiyo si kazi, ni moto na mtu."

Nilirudi kuchambua ubani. Lakini usiku nilikuona wewe ukitetemeka juani, na sikuweza kustahimili. Nimekaa naye miezi miwili, natazama kila kitu, nina macho na nina akili. Ninachokutumia kwa mkono wa Buya, yule mwenye mtumbwi, ni bahasha ya ubani mweupe niliouchambua mwenyewe, manemane kidogo, na mizizi ambayo Mama Barwako huipenda kwa waliojifungua. Usimwambie mtu kwamba imetoka kwangu.

Fanya hivi. Ngoja mpaka mtoto apewe jina, ndipo uanze. Mama mkwe amchukue mtoto nje, moshi huu si wa mapafu madogo. Ndani ya kibanda cha mikeka chimba kishimo, tia makaa yaliyokwisha kuwaka vizuri, yawe mekundu, yasitoe moshi wake wenyewe. Nyunyiza ubani kidogo kidogo. Keti juu ya kigoda, ujifunike. Muhimu kuliko yote: kibanda kifungwe. Mama husema moshi ukitoroka umewafukiza kunguru. Kila tundu lizibwe, mlango ushushwe, jasho likutoke mpaka miguuni.

Mama ana desturi nyingine ya kukaa nje na kumwita mwanamke jina kila mara, naye aitike. Tena na tena, jina na itiko, mpaka mwisho. Nadhani ni uzee, na kumchangamsha mgonjwa asichoke. Usijali hilo kama hakuna wa kukaa nje.

Niandikie upesi bahasha ikifika.

Mdogo wako,
Batula

Asubuhi yake: nililala saa saba. Mbwa walibweka.


Kau, 11 Aprili 1957

Mdogo wangu Batula,

Salamu za Ramadhani. Umeshindaje na saumu huko kwenye vumbi la ubani? Mimi sifungi, mama mkwe amenikataza, nami nala mchana nikijificha kama mwizi.

Bahasha imefika, na Buya hakuilowesha, Mungu ambariki. Nimeifungua nikalia, imenuka kama nyumba ya mama. Nimesoma maelezo yako mpaka nayajua kwa moyo.

Mvua zimeanza mapema na hazina adabu. Kibanda alichonijengea mama mkwe uani kilikuwa kikivuja kila mahali. Basi shemeji yako amefanya jambo la fahari. Kuna lori lililokwama karibu na kivuko, mwenyewe akauza vitu, Warsame akanunua turubai lake zima. Akavua mikeka yote, akatandaza turubai juu ya fito mpaka chini, akalibana kwa mawe na udongo pande zote. Mama mkwe akasema, "Mwanangu, mke wako si gunia la sukari." Naye akajibu, "Duka la Warsame halivuji, kwa nini mke wa Warsame avujiwe?" Watu wa Kau wamekuja kutazama. Batula, umesema kila tundu lizibwe: hapa hakuna tundu hata la sisimizi. Nilijaribu juzi kuweka chetezo chenye makaa ndani, nikafunga, ili kibanda kishike harufu. Nje haukuonekana hata uzi wa moshi. Mama Barwako wako angenionea wivu!

Makaa nayo si ya kuokoteza, ni ya gunia, ya dukani, yanakaa na moto mpaka alfajiri.

Kitu kimoja tu. Humo ndani mlikuwa na kuku anayelalia mayai, nilisahau kumtoa. Asubuhi tulimkuta amekufa juu ya mayai yake, amekaa vile vile, hana jeraha, upanga wake wa kichwani mwekundu kama bado yu hai. Mama mkwe anasema ni nyoka. Tumetafuta, hatukumwona. Tangu siku ile hapendi kupita karibu na kibanda baada ya magharibi, lakini wewe unamjua, ana hofu zake.

Mto unapanda. Buya anasema huenda asije tena mpaka maji yatulie. Barua hii nampa mtu wa Kipini, sijui itakufikia lini.

Dadako mzito,
Sabdio


Garsen, 17 Mei 1957
Asubuhi mvua kubwa toka alfajiri, bado inanyesha. Kivuko kimefungwa.

Dada Sabdio,

Salamu. Nisamehe, leo sitakuuliza habari moja moja. Soma yote kabla hujainuka ulipo.

Jumanne tuliitwa kwa Madina, mke wa msimamizi wa vibarua wa barabara hapa Garsen, amejifungua wiki iliyopita. Kwa ajili ya mvua mumewe alikuwa ameezeka kibanda kwa turubai la kazini. Mama Barwako alilipapasa kwa mkono, uso ukamkunjika, lakini mvua ilikuwa ikimwagika na wenyewe wanangoja. Madina akaingia, tukafunga. Mama akakaa nje chini ya mwavuli, akaanza kuita. "Madina!" "Labeka!" "Madina!" "Labeka!" Mimi nilikuwa nikiona baridi na kufikiri jinsi wazee wanavyopenda mambo yao. Kisha akaita, "Madina!" na ikaja sauti kama ya mtu aliyejaa usingizi. Akaita tena. Kimya.

Sijawahi kumwona mama yule akikimbia. Alilishika turubai kwa mikono miwili akaling'oa pamoja na mawe yake. Madina alikuwa ameinamia magoti, amelegea, midomo myekundu kama aliyetafuna tambuu. Tulimburuta kwenye mvua na upepo. Alikaa muda mrefu bila kujua jina lake. Kisha akatapika, akafungua macho, akauliza kwa nini tumemwamsha, usingizi ulikuwa mtamu.

Mumewe akasema ni jini. Mama Barwako akamgeukia: "Jini wako ananunuliwa kwa yadi. Miaka yote nafunga mikeka, na mkeka ni mtu mzima, unajua cha kuzuia na cha kupitisha. Hili turubai ni mlevi aliyelala mlangoni, haingii mtu wala hatoki." Nami hapo nikakumbuka somo la afya kule shuleni, mwalimu akituonya tusilale na jiko la makaa dirisha likiwa limefungwa. Makaa yana hewa yake, dada. Haina rangi. Haina harufu. Pua yangu nilikuwa nimeitia mlangoni mwa Madina kabla hajaingia, nikanusa ubani mzuri tu. Kile kifuniko kitupu, Sabdio! Mama alinionya siku ya kwanza, nami nikaona ni mtihani wa kunichekesha.

Na leo asubuhi ndipo karani wa posta aliponipa barua yako ya Aprili. Ililala Kipini, imelowa, wino umetanda. Nimesoma kuhusu turubai. Nimesoma kuhusu kuku. Si nyoka.

Fanya hivi. Turubai liondoke, leo hii, lote. Rudisheni mikeka hata kama inavuja. Kama bado hujaanza kujifukiza, usianze. Baridi ya uzazi tutaitibu kwa mafuta na supu na nguo nzito, haiui upesi hivyo. Nilikuandikia kwamba kuitana jina ni uzee. Si uzee. Ndiyo kazi yenyewe, moshi ni pambo lake. Asipoitika, funua. Mwambie mama mkwe maneno hayo, neno kwa neno.

Nimemwambia Mama Barwako nilichokufanyia. Hakunigombeza. Aliingia ndani akatoka na koti lake la mvua, akanivisha.

Barua hii nampa askari anayekwenda Kipini kwa miguu kupitia nchi ya juu, kwani huenda atatangulia. Mimi naondoka kesho na Buya. Alikataa, akasema mto umejaa miti inayoelea na viboko waliochanganyikiwa. Mama akaenda kuzungumza naye. Sijui alimwambia nini, lakini amekubali, na hakunitazama usoni alipokubali. Tutapita mashambani palipofurika, hajui ni siku ngapi.

Saa ya kulala sitaiandika. Sitalala mpaka niseme jina lako na wewe uitike.

Mdogo wako,
Batula


Kau, 20 Mei 1957
Asubuhi mvua, mchana imekatika, jua jembamba. (Unaona? Nami nimejifunza.)

Mdogo wangu Batula,

Salamu na furaha zikufikie huko uliko. Tangu bahasha ya Machi sijapata hata mstari wako. Hapa tumekuwa kisiwa. Maji yamefika kwenye vizingiti vya nyumba za bondeni, na mtumbwi wa mbali hauonekani. Askari mmoja wa Kipini, wanasema, amekwama upande wa pili tangu jana, anapunga mkono na hakuna wa kumvusha. Maskini, labda ana barua zetu.

Ni mvulana! Mzima, sauti kama ya mnadi wa ng'ombe. Jana tumempa jina, Halake, la baba yetu. Warsame alilia mbele ya wageni, kisha akasema ni moshi wa jikoni. Leo ameondoka kuhamisha mali ya duka kabla maji hayajafika.

Nami leo nimeanza kama ulivyoniagiza. Mama mkwe amemchukua mtoto mpaka nyumba ya jirani, mbali na moshi, naona anashukuru kupata sababu ya kutokaa hapa. Makaa mekundu, kishimo, kigoda, vyote sawa. Nimefunga mlango wa turubai kwa ndani, kamba kwa kamba. Nimeingia na kandili na karatasi hii niongee na wewe, maana kukaa peke yangu gizani ningechoka, na hakuna wa kuniita jina.

Batula, ni raha. Harufu imenizunguka kama mikono ya mama. Jasho linatiririka mpaka miguuni, ile baridi niliyoiogopa siioni hata kivuli chake. Umenitendea wema ambao sitaweza kuulipa. Ukija, Mama Barwako atake asitake, nitawaambia watu wote kwamba fundi wa Kau amepatikana.

Kichwa kinauma kidogo, ni uchovu wa wageni wa jana. Kandili nayo imekuwa na mwanga mdogo, sijui Warsame ametia mafuta gani. Maandishi yangu yanapanda mlima, unisamehe.

Nimeketi chini sasa, kigoda kilikuwa kinacheza. Makaa ni mazuri sana kuyatazama. Hayana haraka.

Nasikia mtu anaita upande wa mto. Mbali. Kama anaita Sabdio. Tena Sabdio. Ni sauti ya mwanamke, na mbwa wanabweka. Nilitaka kuitika, ulimi umekuwa mzito kama wa asubuhi. Atafika tu, kama ni mgeni atanikuta. Nitaitika nikishapumzika.

Najua wewe saa ya kulala huiandika kesho yake, ukishaamka. Mimi naiandika kabisa, nisije nikasahau.

Saa nane na robo mchana. Nalala.